Msimamizi wa Dansi ya Bath

Nilipokifungua kikaratasi nilichochomoa kwenye kofia ya mwalimu, chenye mtu wa kumwigiza darasani, nilikikunja tena haraka, kama mtu aliyefungua mlango akaona nyoka. Wenzangu walikuwa wakicheka na kuonyeshana walichopata. Mmoja alikuwa mjane tajiri anayeugua baridi yabisi, mwingine kapteni asiye na urithi anayewinda mke. Mimi nilikuwa nimeangukiwa na Msimamizi wa Sherehe, mtu ambaye mji mzima wa Bath ulimtii, kuanzia wabeba viti hadi watoto wa mfalme.

"Umepata nani?" mwalimu akaniuliza.

Nikamwonyesha. Alikuwa mama aliyekaribia kustaafu, mwenye nywele nyeupe na sauti ya upole, na alitabasamu kana kwamba nimeshinda zawadi.

"Mtihani wako ndio rahisi kuliko yote," akasema. "Wenzako lazima wakutii. Wewe huna wa kumtii."

Hilo hasa ndilo lililonitisha. Nimelelewa katika nyumba ambamo mtoto wa kike hakupaza sauti mbele ya wageni, na tabia hiyo nilikuja nayo hadi Texas. Ofisini kwetu Plano, ambako nilikuwa nikishughulikia madai ya bima, wenzangu walisema mkutanoni kile ambacho mimi nilikwenda kukiandika baadaye kwenye kompyuta. Somo lenyewe nililichagua kwa sababu moja tu: lilifundishwa alasiri ambayo sikuwa kazini. Nilihitaji somo moja la historia nimalize shahada niliyoiacha nusu nilipoolewa, na chuo cha Richardson kilikuwa na hilo: adabu na maisha ya watu wa tabaka la juu katika mji wa Bath, Uingereza, karne ya kumi na nane. Mume wangu alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Alikuwa muuguzi Houston, akipanga chumba katika mtaa wa Alief huko huko na kuja kwetu kila alipopata siku mbili za mapumziko.

"Sasa utatufundisha kunywa chai?" akauliza.

Lakini somo liliponikolea, sikucheka. Mji ule ulijengwa juu ya chemchemi za maji moto. Watu walikwenda huko wakisema wanatafuta afya, na wengi walikuwa wagonjwa kweli, ila walikwenda pia kuonekana. Mgeni wa maana alipoingia mjini, kengele za kanisa zilipigwa ili kila mtu ajue amefika. Asubuhi wagonjwa walibebwa ndani ya viti vilivyofunikwa hadi bafuni, wamevaa kanzu nzito za turubai. Wanaume na wanawake waliingia bwawa moja, maji yakawafika shingoni, na kila bibi alikuwa na kisahani kinachoelea mbele yake chenye leso na manukato. Mwenye vidonda na mwenye ngozi laini waliogea maji hayo hayo. Kisha walikwenda ukumbini kunywa glasi za maji ya moto yenye ladha ya chuma huku bendi ikiwapigia muziki. Baada ya hapo ilikuwa kutembeleana, karata, chai, na jioni dansi.

Dansi ndiyo iliyonisumbua akili. Ilianza na minueti, na minueti ilichezwa na jozi moja tu kwa wakati, wawili peke yao katikati ya sakafu, ukumbi mzima umekaa kando ukiwatazama miguu. Aliyekosea hatua alikosea mbele ya kila mtu ambaye alitaka amheshimu. Niliposoma hayo niliwaogopea. Chini ya hariri na unga wa nywele niliona watu waliojaa hofu. Waliogopa ndui. Waliogopa binti kukaa msimu mzima bila kuposwa, na waliogopa zaidi kumsalimia mtu barabarani naye akawapita kana kwamba hawapo.

Watu hao niliwafahamu. Niliwaona hapa hapa, katika sherehe za sisi Wakenya, kwenye kumbi za kukodi, iwe harusi au mahafali ya muuguzi mpya. Unaingia, na macho yanaanzia kwenye viatu vyako yanapanda taratibu hadi kwenye nywele. Nani ameketishwa meza ya mbele? Nani amechelewa makusudi ili aonekane akiingia? "Siku hizi uko kazi gani?" mama mmoja anakuuliza kwa tabasamu, na jibu lako linafika meza ya mwisho kabla ya sahani yako ya pilau. Mara kadhaa nimekaa ndani ya gari nje ya ukumbi, nimevaa nikapendeza, nikashindwa kushuka, nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba kichwa kiliniuma.

Sasa, katika dansi ambayo darasa letu lingeigiza kama mtihani, mimi ndiye niliyetakiwa kusimama mlangoni na kupima watu kwa macho. Msimamizi wa Bath alikataza panga na buti ukumbini. Inasimuliwa kwamba alimkuta bwana mmoja amevaa buti akamuuliza mbona amemsahau farasi wake nje. Saa ya kufunga ikifika muziki ulinyamaza, hata binti wa mfalme akiomba dansi moja zaidi. Na siku moja mke wa lodi mkubwa alipokuja amevaa aproni nyeupe, vazi ambalo Msimamizi alikuwa amelikataza, alimvua kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu.

"Na wewe utaletewa mwenye aproni," mwalimu akanionya. "Sitakwambia ni nani. Usimwogope."

Nilifanya mazoezi kwa jirani yangu. Alikuwa mama wa Kikongo kutoka Bukavu, aliyefanya kazi ghala la vifurushi zamu ya usiku, na alasiri nikiwa chuoni alikaa na binti yangu wa miaka sita. Sisi wawili tulielewana kwa Kiswahili chetu viraka viraka, yeye chake mimi changu, na binti yangu alitujibu wote kwa Kiingereza. Nilimfunga jirani aproni ya jikoni juu ya kitenge, nikasimama mbele yake, nikanyoosha mkono. Mkono ukagoma.

"Dada," akaniuliza, "utamutosha mugeni nguo mbele ya batu? Njo ile beko banafundisha ku université?"

"Ni mchezo tu, mama."

"Haiko mchezo. Ile ni kuhaibisha mutu." Akaifungua aproni mwenyewe, akaikunja vizuri, akanirudishia. Usiku huo niliota nimesimama ukumbini sina sauti.

Siku ya dansi ilikuja katika majira ya kuchipua, na hewa ilikuwa nzito tangu asubuhi. Ofisini watu walikuwa wakitazama mbingu na kusema hawaipendi rangi yake. Mimi nilikuwa nikijiogopea mwenyewe, sikuangalia juu. Nilimwacha binti yangu kwa jirani na juisi na daftari la kuchorea, nikaenda chuoni, nikavalia chooni: koti refu la bluu lenye vifungo vya dhahabu bandia, soksi nyeupe mpaka magotini, wigi, na kofia nyeupe. Mwenzangu mmoja alinipaka poda usoni hadi nikawa kama mtu aliyeanguka ndani ya gunia la unga.

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya juu. Viti vilikuwa vimepangwa kando, na sakafu iliyobaki katikati niliiona kubwa kama uwanja wa mpira. Nilisimama mlangoni, fimbo mkononi, nikahisi jasho likichora mistari kwenye poda. Wa kwanza kunijaribu alikuwa kijana mrefu mwenye koti la kapteni na buti za wachunga ng'ombe, zile za hapa Texas, zenye visigino. Nikamzuia kwa fimbo.

"Bwana," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba, "umemsahau farasi wako nje."

Watu wakacheka. Kijana akainama kwa heshima, akavua buti, akaingia na soksi. Nilishangaa kwamba nilikuwa bado nimesimama. Muziki ukaanza kwenye spika, jozi ya kwanza ikapita katikati ikicheza minueti, na mvua ikaanza kupiga madirisha.

Kisha akaingia mwenye aproni. Alikuwa binti mnene, mkarimu, wa kutoka mashambani mashariki mwa jimbo, ambaye siku zote alinigawia karanga darasani. Gauni lake lilikuwa pana ajabu. Chini yake alikuwa amejifunga fremu aliyoitengeneza mwenyewe kwa bomba la plastiki la kumwagilia bustani, sketi ikatanuka pande zote mbili kama meza. Na juu ya gauni hilo, aproni nyeupe pe! Akasimama mbele yangu akiwa ameinua kidevu, jinsi alivyoelekezwa. Ukumbi mzima ukatugeukia. Nilimwendea. Nilijua maneno. Nilinyoosha mkono hadi vidole vikakaribia utepe wa aproni, na hapo vikasimama.

Hapo simu zote zikalia kwa pamoja.

Aliyewahi kuisikia sauti ile hahitaji kuelezwa. Si mlio wa kawaida wa simu, ni tahadhari ya hatari, kama chuma kinachokatwa, na ilitoka kwenye mikoba, mifukoni, chini ya viti. Halafu ving'ora vya mji vikaanza nje, vikipanda na kushuka. Mwalimu akaitazama simu yake, uso ukabadilika.

"Tornado," akasema. "Kimbunga kimeonekana kikija upande wetu. Chini, wote. Ngazi za ndani. Sasa hivi!"

Mtu akafungua mapazia. Mbingu ilikuwa kijani, kijani cha maji ya bwawa lililolala. Akilini nilimwona binti yangu akichora mezani karibu na dirisha la jirani, ghorofa ya pili, kwenye nyumba za mbao. Nilijaribu kupiga simu huku nikikimbia. Haikuingia.

Mlango wa ngazi ulikuwa mwembamba. Mabibi wawili walipita kwa kujiminya, kisha yule mwenye aproni akaingia bila kugeuka upande na fremu yake ikakwama. Akarudi nyuma, haikutoka. Plastiki ilikuwa imejipinda ndani ya fremu ya mlango, naye akawa kama kizibo chupani. Nyuma yetu watu wakaanza kusukuma. Mtu akapiga yowe. Umeme ukazimika, na katika lile giza la kijani nikasikia kitambaa kikichanika na mwenye aproni akilia, "Siwezi, siwezi!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Ilitoka kwa Kiswahili.

"Acheni kusukumana! Rudini nyuma! Nimesema rudini!"

Hakuna hata mmoja aliyeelewa neno, na wote wakarudi nyuma. Nilipiga magoti kwenye mlango, nikaingiza mikono chini ya aproni yake, nikaivuta ikakatika utepe, nikatafuta kamba za fremu kiunoni. Zilikuwa zimekazwa fundo. Nilizikata kwa meno. Fremu ikaanguka miguuni, nikaipiga teke ikashuka ngazi ikigongagonga, naye akabaki na kaptura ya mazoezi chini ya gauni lililonyauka. Nikamsukuma mbele yangu.

"Nenda, mama, nenda," nikamwambia, bado kwa Kiswahili, naye akaenda.

Chini tulijibanza kwenye korido isiyo na madirisha, karibu na vyoo. Tulipiga magoti tukielekea ukutani, mikono juu ya vichwa. Hewa ilijaa harufu ya poda na jasho la watu waliovaa nguo nzito. Mwalimu alikuwa kando yangu, wigi lake mapajani. Mkono wake ulitafuta wangu ukaushika kwa nguvu.

"Nimezaliwa hapa," akaninong'oneza. "Kila mwaka wananiambia nitazoea. Sijazoea."

Kisha masikio yakaziba, kama unapopanda mlima kwa gari. Sauti ikaja. Watu husema ni kama treni. Mimi nilisikia kitu kinachosaga, jiwe kubwa juu ya jingine, na sakafu ikatetemeka chini ya magoti yangu. Juu vioo vilipasuka. Kulikuwa na mtu akisali kwa sauti na mwingine akimwita mama yake. Mimi sikusali. Niliona aibu baadaye, mimi mwana wa kanisa, lakini kichwani mwangu kulikuwa na kitu kimoja tu kikizunguka: nyumba za mbao, ghorofa ya pili, dirisha.

Ilipopita, hatukuamini. Tulibaki tumeinama hadi mtu wa usalama akaja na tochi kutuambia tuamke. Madirisha ya ghorofa ya juu upande mmoja hayakuwepo, na majani mabichi yalikuwa yametapakaa sakafuni tulipotarajia kucheza. Hakuna kati yetu aliyeumia zaidi ya mikwaruzo. Binti wa aproni alinikumbatia, nikahisi moyo wake ukidunda kama kuku aliyeshikwa. Sikukaa. Simu bado ilikuwa kimya.

Mvua ya mawe ilikuwa imetoboa kioo cha nyuma cha gari langu na kukifanya cha mbele utando wa buibui. Niliendesha hivyo hivyo, nikichungulia kwenye sehemu iliyobaki nzima. Taa za barabarani zilikuwa zimezimika. Magari yalipishana kwenye makutano kwa kupeana zamu, wewe kisha mimi, kwa adabu ambayo sijaiona tena mjini humu. Kulikuwa na mabati juu ya miti, na pamba ya waridi ya kuzibia kuta ikining'inia kwenye nyaya.

Karibu na kwetu askari alikuwa amefunga barabara. Akaniashiria nisimame, akaja dirishani, mkono karibu na kiuno. Akanitazama. Ndipo nilipokumbuka wigi, kofia, vifungo vya dhahabu, uso mweusi uliopakwa mweupe. Nilishika usukani kwa mikono miwili aione vizuri. Hofu hii ilikuwa nyingine tena, ya zamani, ya mtu mweusi mbele ya polisi wa hapa, ile ambayo mume wangu na mimi tumeizungumzia mara nyingi.

"Bibi, unakwenda wapi?" akauliza polepole.

"Kwa mtoto wangu," nikasema. "Yuko nyumba zile pale. Nilikuwa darasani."

Alinitazama tena, kuanzia kofia hadi vifungo. Kisha akanyoosha kidole kuonyesha njia ya nyuma, kupitia maegesho ya kanisa. "Endesha taratibu," akasema. "Nyaya ziko chini upande wa kulia."

Nyumba zetu zilikuwa zimesimama. Jengo moja, si letu, lilikuwa limepoteza paa. Nilipanda ngazi mbili mbili, nikagonga mlango wa jirani kwa ngumi, nikaingia bila kungoja.

"Tuko huku!" ikatoka sauti. "Mu bafu! Dada, tuko muzima!"

Walikuwa ndani ya beseni la kuogea, wamejifunika godoro. Nikalivuta godoro. Binti yangu akainua uso, akaniona, na akapiga yowe ambalo sijalisahau mpaka leo. Aliruka akajificha kifuani mwa jirani, akitetemeka, akisema kwa Kiingereza kwamba mtu huyo aondoke.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mama."

Akazidi kulia. Jirani akanikazia macho.

"Tosha ile kitu ku kichwa! Nawa sura! Unaogopesha mutoto."

Nilitupa wigi sakafuni, nikainama kwenye sinki. Maji yalitoka kidogo kidogo. Nilijisugua kwa mikono mpaka ngozi ikauma, na nilipogeuka, maji meupe yakinichuruzika kwenye koti, binti yangu alinitazama muda mrefu, jicho moja, kutoka kwapani mwa jirani. Kisha akanyoosha mikono. Nilimbeba nikakaa naye juu ya kifuniko cha choo.

Simu ilirudi baadaye kidogo. Mume wangu alikuwa ameona habari kwenye televisheni ya wodini, akatupigia mara nyingi hata akakoma kuhesabu. Nilisikia tu akipumua, na nyuma yake mashine za hospitali zikilia.

"Nakuja," akasema mwishowe.

"Barabara zimefungwa. Subiri asubuhi."

"Nakuja," akarudia.

Nilidhani hofu ya siku hiyo imekwisha, hadi nilipomwona jirani yangu akishindwa kuwasha jiko la gesi. Njiti zilikuwa zikimwanguka. Nilimkalisha, nikawasha mwenyewe, nikachemsha chai ya tangawizi. Mwanamke huyo alikuwa amembeba mtoto wangu, akaburuta godoro peke yake, akakaa chini yake akiimba nyimbo za kwaya moja baada ya nyingine.

"Kule kwetu," akasema, "tulikuwa tunalala chini vile vile. Masasi ya bunduki ilikuwa inapita juu. Mama yangu alikuwa anatuimbia, ili tusisikie." Akanywa. "Leo nilisikia ile king'ora, nikasema, hapana, hata huku? Miguu ilikufa. Lakini mutoto alikuwa ananiangalia."

Nilimshika mkono kama mwalimu alivyonishika wangu, na tukakaa hivyo, chai ikipoa, mtoto akiwa amelala kati yetu kwenye sofa na viatu vyake miguuni.

Muhula ulipoisha niliandika insha yangu kuhusu woga wa watu wa Bath. Mwalimu aliipenda, ingawa aliandika pembeni kwamba nimewahurumia kupita kiasi wale mabibi. Huenda ni kweli. Dansi yenyewe hatukuirudia kamwe, na hakuna aliyeomba tuirudie.

Asubuhi baada ya kimbunga kile, mume wangu alitukuta sote watatu tumelala juu ya lile godoro, sebuleni kwa jirani, mlango ukiwa wazi ili hewa ipite kwa kuwa umeme ulikuwa haujarudi. Niliamka nikamwona amesimama kizingitini na nguo zake za kazi, katoni ya maji begani, macho mekundu kwa safari. Angeweza kuingia tu. Badala yake alisimama pale pale, akasema hodi kwa sauti ya chini, akangoja mama wa Bukavu aamke amkaribishe.